Mama Aliyekuuliza Kama Uko Mzima

Kisangani, tarehe 14 Oktoba 2025

Kwa dada yangu mkubwa, Yaya Virginie,
Butembo

Wavukire, Yaya.

Nakusalimu kwa heshima na kwa upendo, wewe pamoja na shemeji na watoto wote wa nyumba yako. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu, goti lako limepunguza uchungu, na mvua ya huko haijaozesha viazi shambani. Tunasikia habari za vita vya upande wa Lubero kwenye redio, na kila asubuhi nawaombea ninyi kwanza, kisha ndipo naoga na kwenda kazini. Mimi ni mzima. Benie ni mzima. Ana meno kumi na mawili sasa na hakuna hata moja linalokaa bure. Mama yake, Jemima, naye ni mzima, yuko Yangambi na miche yake ya kahawa, na anakusalimu sana.

Najua utashangaa kupata bahasha wakati simu ipo. Nisamehe, Yaya, lakini kwenye simu unaongea haraka, nami mbele ya haraka yako nakuwa mtoto tena: kabla sijamaliza kueleza jambo, wewe umeshalijibu na mimi nimeshakubali. Ndiyo maana nimemwomba Papy, yule anayeleta maharagwe yenu huku na kurudi na mafuta ya mawese, akupe barua hii mkononi mwako. Nimemwambia asimwachie mtu dukani.

Unakumbuka Alhamisi ile, ulipopiga simu baada ya soko kama kawaida yako. Mama mmoja usiyemjua alichukua simu yangu, akakusalimia vizuri, akakuuliza jina lako, halafu akakuuliza kama uko mzima. Ukacheka. Tangu siku ile umeniuliza mara tatu yule mama alikuwa nani, na mara tatu nimejibu kwamba ni mtu wa kazi tu. Sikukudanganya kabisa, lakini sikukuambia ukweli pia. Barua hii ndiyo jibu. Nakuomba uisome hadi mwisho kabla ya kukasirika, kwa sababu sababu yenyewe ya kukasirika iko karibu na mwisho.

Unajua kwamba Jemima alipata kazi ya mwaka mmoja Yangambi mwezi wa tano. Wanachunguza ugonjwa unaonyausha kahawa, na yeye ndiye mwanamke peke yake katika kundi lao. Mwezi wa kwanza alikwenda na Benie. Lakini analala chumba kimoja na mama mwingine mwenye watoto wake, na mchana kutwa yuko ndani ya mashamba ya majaribio ambako mbu hawana adabu. Mtoto akapata malaria mara mbili. Jemima akamrudisha huku kwa mashua, amemfunga mgongoni, wote wawili wakilia njia nzima. Tangu hapo Benie anakaa nami hapa mtaani Tshopo, na mama yake anapanda mto kila wiki mbili kuja kutuona.

Yule msichana aliyekuwa akimwangalia mchana aliolewa mwezi wa saba. Hapo ndipo uliponiambia nimlete Butembo. Ulisema kitanda kipo. Ulisema nyumba yenye watoto watano haitambui wa sita ameingia saa ngapi. Ulisema pia kwamba mwanaume anayefua nepi kabla ya kwenda kazini, wakubwa wake watamjua kwa harufu kabla hajabisha hodi. Yote matatu yalikuwa kweli, Yaya, hasa la tatu. Nami nikasema ndiyo, nitamleta mwezi wa kumi.

Nilisema ndiyo kwa sababu ni wewe. Baba na mama walipotutoka nilikuwa na miaka sita, wewe kumi na tisa. Uliacha shule ili mimi niingie. Ulibeba viazi kutoka Kyondo hadi sokoni mpaka nikapata diploma yangu. Mtu wa namna hiyo akikuomba kumlea mtoto wako, humwulizi maswali.

Lakini nilipompa Jemima habari hiyo, hakubisha wala hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba kama Benie anakwenda Butembo, basi yeye ataacha kazi na kurudi nyumbani, maana hawezi kukaa upande mmoja wa msitu na mtoto wake upande mwingine, na barabara yenyewe ndiyo ile. Alisema hivyo huku akinikunjia mashati. Nikaona kwamba kwa neno moja la ndiyo nilikuwa nimempeleka mtoto mbali na nimemwachisha mke wangu kazi, na kazi hiyo aliisomea miaka mitano.

Ikabidi nitafute njia nyingine. Ya kwanza niliyoijaribu ilikuwa ya kijinga: nilianza kwenda na Benie kazini. Kazi yangu unaijua. Mimi ndiye ninayepokea barua zote zinazoingia katika biro yetu, ofisi ya serikali kule Makiso. Naziandika namba na tarehe, napiga muhuri, kisha napeleka kwa mkubwa. Nilimtengenezea Benie kitanda ndani ya katoni ya karatasi chini ya meza yangu, nikatandika kile kitenge chako cha kijani. Siku mbili zilipita vizuri, akalala kama waziri. Siku ya tatu nilitoka dakika tano kupeleka barua juu. Niliporudi nilimkuta amesimama ameshika meza kwa mkono mmoja, na mkono wa pili muhuri. Alikuwa amejipiga kwenye paji la uso na tumboni. Na mlangoni alikuwa amesimama shefu wetu, mkubwa wa biro, Papa Lambert, mikono nyuma.

Papa Lambert ni mtu wa maneno. Alisema mbele ya wote kwamba biro hii inapokea barua, haipokei watoto, lakini kwa kuwa huyu ameshapigwa muhuri mara mbili, sheria inatulazimisha tumpe namba na tumjibu ndani ya siku kumi na tano. Biro nzima ikacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa tayari nafikiria barua ya kuachishwa kazi, hata namba ambayo ningeiandikia mimi mwenyewe. Akanivuta pembeni na kuniuliza kwa sauti ya chini kwa nini naogopa mpaka kivuli cha kalamu yangu, badala ya kusema nina shida. Ndipo akanieleza kwamba mkoa umefungua mfuko wa kusaidia wazazi wanaofanya kazi. Mtoto anapelekwa krechi, nyumba ya kulelea watoto mchana, na Leta, yaani serikali, inalipa sehemu kubwa moja kwa moja kule krechi, na mzazi anaongeza kidogo. Alisema yeye mwenyewe aliona tangazo likipita mezani kwangu. Ni kweli, lilikuwa limepita, na namba yake niliiandika mimi. Lakini sikuwa nimelisoma kama kitu kinachonihusu. Leta tunayoijua sisi inaomba, haitoi.

Siku nilipokwenda kuchukua karatasi za maombi, watu walikuwa wamejipanga hadi barabarani, na watu wa toleka wanapita na baiskeli zao za abiria wakitupigia kengele tuwapishe. Ndani ya mstari ule kulikuwa na bwana mmoja aliyevaa tai, ambaye alikuwa akiwafundisha wengine jinsi ya kujaza. Alisema karatasi ile ina mtego: inauliza una ndugu gani, wanakaa wapi, kama wanaweza kumpokea mtoto. Alisema ukionyesha kwamba una dada mwenye nyumba, umekwisha. Watakuambia umpelekee yeye na uache pesa ya Leta kwa wasio na mtu. Mama mmoja nyuma yake akamwuliza, basi yeye kaka zake sita anaotembea nao kila Jumapili amewaweka wapi? Bwana yule akajibu bila haya kwamba barabarani anao sita, kwenye karatasi hana hata mmoja. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu, na maneno yake yaliniingia kama maji ndani ya kiatu.

Nilijaza kurasa zote tatu palepale, juu ya goti. Jinsi nilivyojaza ukurasa wa pili nitakuambia. Karani aliyepokea alinisifu. Alisema tangu waanze hajaona dosie, faili la maombi, safi namna ile, hakuna mahali palipobaki wazi, mwandiko kama wa kuchapa. Nilimshukuru, nikatoka, na nilipofika nje nilishindwa kukumbuka njia ya kwenda nyumbani.

Zikapita wiki tatu. Alhamisi moja, bila kututangulizia habari, akaja nyumbani kwetu mama mmoja mnene mwenye miwani na daftari. Jina lake Mama Fortunée. Ndiye anayezunguka katika nyumba za walioomba ili aone kama yaliyo kwenye karatasi ndiyo yaliyo nyumbani. Mimi nilikuwa nimeomba ruhusa siku hiyo kwa sababu Benie alikuwa na homa kidogo. Akaketi uani, akakataa soda, akafungua daftari.

Yaya, watu wa uwanja wetu unawajua kwa simu tu, kwa hiyo nikueleze. Mama Annette, jirani anayekaanga mikate mbele ya nyumba, anampenda Benie kuliko unga wake. Mwenye nyumba ni Tonton Bilali, mzee wa Kasongo, ambaye hatoki bila kofia yake nyeupe. Waliposikia tu kwamba mgeni wa Leta anauliza kama huyu kijana ana mtu, damu ikawapanda. Waliona ni matusi. Kwao, na kwetu pia, kusema mbele ya mgeni kwamba jirani yako hana mtu ni kama kusema analala chini.

Mama Annette aliacha mafuta yakiungua juu ya jiko, akaja akifuta mikono. Akasema yeye ni shangazi wa mtoto huyu, upande wa mama, damu kabisa. Tonton Bilali, ambaye hakuna aliyemwuliza, akasema yeye ni ndugu wa babu yangu. Mama Fortunée aliitazama ile kofia, akanitazama mimi na msalaba wangu shingoni, akamwuliza kwa upole Mnande wa Butembo na mtu wa Kasongo walikutana wapi hata wakawa ndugu. Tonton Bilali akajibu bila kupepesa jicho: "Mama, Congo iko kidogo."

Nilitaka ardhi inimeze. Walikuwa wananipenda, Yaya, na kila neno la upendo wao lilikuwa linavunja dosie yangu. Kisha Mama Annette akaona kama bado haijatosha. Akamwambia: "Na usiandike asema hana mutu! Iko na dada yake mukubwa kule Butembo, mama ya nguvu. Anatuma maharagwe mpaka na sisi tunakula. Leo ni Alhamisi, saa kumi atapiga, utamusikia mwenyewe."

Mama Fortunée akarudi kwenye ukurasa wa pili wa karatasi zangu, akasoma kitu, akainua macho. Akatazama saa yake.

Ukapiga, Yaya. Hukuchelewa hata dakika tano. Nikakata. Nawe ukikatiwa simu unajulikana: ukapiga tena. Kabla sijakata mara ya pili Mama Annette alikuwa ameinyakua, anapiga kelele kwamba Yaya Virginie, kuna mgeni wa Leta hapa, umusalimie. Mama Fortunée akanyoosha mkono, akapewa. Alikuuliza jina, ukamwambia. Alikuuliza kama wewe ndiwe dada wa Elisée, tumbo moja, ukasema ndiyo, na kwamba ulinifuta kamasi kabla ya serikali kunipa meza. Ndipo akakuuliza kama uko mzima. Ukacheka, sauti yako ikajaa uani kote, ukasema uko mzima kabisa isipokuwa goti.

Akakushukuru, akakata, akaandika neno moja katika daftari lake. Niliweza kulisoma kichwa chini miguu juu, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Aliandika: goti.

Alipoondoka aliniambia nifike kwake Jumatatu saa mbili. Kuanzia Alhamisi hadi Jumatatu sikula kitu cha kuhesabika. Nilimwonyesha Mama Annette jinsi Benie anavyopenda uji wake, na wimbo wa kumwimbia akikataa kuoga. Niliweka mswaki na shuka ndani ya mfuko wa plastiki, maana nimeshasoma barua nyingi zinazopita mezani kwangu na najua mtu anayetoa habari za uongo kwa serikali anaweza kulala wapi. Jemima alipopiga nilimwambia kila kitu. Akasema nimwambie yule mama ukweli wote, na nikimaliza, nikuambie wewe. Alisema la pili ndilo litakalokuwa gumu. Ameona sawasawa.

Jumatatu Mama Fortunée aliniketisha mbele ya meza yake. Aliweka ukurasa wa pili mbele yangu, akaniambia nisome mstari wa nne kwa sauti.

Yaya, hapa ndipo nilipokuomba ufike kabla ya kukasirika. Mstari wa nne wa jedwali la ndugu nilikuwa nimeandika hivi: Virginie, dada mkubwa, marehemu.

Nakuandikia neno hilo mara ya pili na mkono wangu unakataa. Niliandika kwamba umekufa. Sikusukumwa na mtu. Bwana wa tai hakunishika mkono. Ningeweza kuruka mstari ule, lakini mimi ni karani. Mimi mwenyewe huwarudishia watu dosie zao kwa sababu ya mahali pamoja palipobaki wazi, na niliogopa yangu isirudishwe. Ningeweza kuandika kwamba upo lakini huwezi kumpokea mtoto. Hilo nililifikiria, na lilinishinda, kwa sababu niliona kumwita Virginie mtu asiyeweza ni uongo mkubwa kuliko kumwita amekufa. Ona akili ya mtu mwenye hofu inavyofika.

Na bado haikuisha hapo. Pembeni ya neno lile palikuwa na nafasi ya tarehe. Nikatafuta tarehe. Nilijaribu mwezi wa kwanza, nikakumbuka ndio mwezi ulionitumia viatu. Nilijaribu mwezi wa nne, nikakumbuka ulikuwa umekaa karibu na simu siku tatu, tukiwa na Benie hospitali. Kila tarehe niliyoigusa, nilikukuta ndani yake unanifanyia jambo. Mwisho nikaandika tarehe tatu Novemba ya mwaka jana, kwa sababu siku hiyo peke yake sikukumbuka kitu. Nilipofika nyumbani nikaangalia simu yangu ya zamani. Tarehe tatu Novemba ulikuwa umenitumia ujumbe kuniuliza kama nimekula.

Nilikuzika, dada yangu, ili usininyang'anye mtoto, nawe hukuwa na nia ya kuninyang'anya kitu. Ulikuwa umenitandikia kitanda tu.

Nilimsomea Mama Fortunée mstari ule. Akaniuliza kama mazishi yalikuwa makubwa. Akaniuliza nani alileta ng'ombe. Akaniuliza kama marehemu aliteswa sana na goti. Nikalia mbele yake kwa sauti, kama mtu aliyefiwa kweli, na karani wa chumba cha pili akaja kuchungulia. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza, akanipa maji ya kunywa, ndipo akafungua kabati. Alinionyesha dosie zilizopangwa humo, akasema ni zaidi ya mia mbili, na kwamba mtu akiziamini atadhani Kisangani nzima imejaa watu waliookotwa mtoni, maana hakuna mwenye kaka, hakuna mwenye dada, na mashangazi wote wa mji huu wamekufa mwaka mmoja.

Kisha akanieleza jambo ambalo ningelijua kama ningeuliza. Mfuko ule haumnyimi mtu mwenye ndugu. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo. Ni maneno ya mstarini. Wanauliza habari za ndugu kwa sababu imeshatokea Leta imelipa krechi, halafu bibi au shangazi akaja kumchukua mtoto akisema hakuulizwa. Kwa hiyo wanataka tu yule ndugu aliye tayari kumlea ajue, na akubali kwa mkono wake kwamba mtoto abaki na wazazi. Basi. Nilikuwa nimekuua bure, Yaya.

Nilimwuliza kama nitafungwa. Alisema serikali haina gereza la kutosha kwa waoga. Lakini hakuniacha hivihivi. Aliniamuru niandike barua ya kueleza kosa langu, nakala moja kwake na nyingine kwa shefu wangu, na iingie katika dosie yangu ya kazi. Niliandika siku ileile. Papa Lambert aliisoma amesimama, akasema hajapata kuona woga ulioandikwa kwa Kifaransa kizuri namna hiyo. Halafu akaacha utani, akaniambia kwamba nikirudia hatanitetea. Nimekubali. Karatasi ya uongo ilipigwa mstari mwekundu mbele ya macho yangu, na nilijaza mpya. Safari hii niliandika kwamba ninaye dada, anaweza kumlea mtoto, yuko tayari, naye alinilea mimi. Na kwamba pamoja na hayo naomba msaada, kwa sababu mtoto ana baba na mama wanaotaka kulala naye nyumba moja.

Wamekubali, Yaya. Msaada umetolewa kwa miezi mitatu kwanza, kuanzia tarehe mosi ya mwezi huu. Sijui nimshukuru nani mbele na nani nyuma. Kila asubuhi namfikisha Benie krechi, si mbali na soko la Tshopo, na mama wa pale anampokea kwa jina lake. Siku ya kwanza alinishika suruali akalia, nami nikajificha nyuma ya ukuta nikalia upande wangu. Siku ya nne hakugeuka hata kuniaga. Wanakula uji saa nne na mchana wanapewa wali na pondu ya majani ya muhogo, na amejifunza kuimba, ingawa maneno ni yake mwenyewe. Nafika kazini kwa wakati na mashati yangu hayanuki. Jemima amebaki na miche yake. Jumamosi iliyopita alikuja, akamkuta mtoto amenona, akakaa chini mlangoni na viatu vyake vya matope na kumshukuru Mungu na Leta katika sala moja. Sikuwahi kusikia sala ya namna hiyo.

Mimi nilizoea kuogopa serikali kutoka ndani, kama mtu anayemwogopa baba yake wa kambo. Sasa imemlisha mtoto wangu. Siwezi kujifanya sikuona.

Lakini miezi mitatu itakwisha Desemba, na ili msaada uongezwe inatakiwa karatasi moja, ambayo nimeiweka ndani ya bahasha hii. Inasema kwamba wewe, dada wa mwombaji, unajua na unakubali Benie abaki Kisangani pamoja nasi. Unatakiwa utie sahihi mbele ya mkuu wa kartie, yaani mtaa wako, naye apige muhuri, kisha Papy ataileta mwezi ujao.

Sikulazimishi. Baada ya nililokufanyia sina mdomo wa kukulazimisha. Ukiona moyoni mwako kwamba mtoto aje, acha karatasi bila sahihi, nami nitaomba ruhusa mwezi wa kumi na mbili na nitamleta mwenyewe hadi kitandani ulikomtandikia, kama nilivyokuahidi, na Jemima ameniambia atakuja nami. Hatutanung'unika mbele yako. Ukiona abaki, bado ni mtoto wako. Likizo zote atakuja kuharibu nyumba yako pamoja na wale watano. Na ukitaka kunitukana kwanza, piga Alhamisi saa kumi. Sitakata.

Utaona kwamba karatasi yote nimeijaza kwa mwandiko wangu: tarehe ya mtoto, mtaa wetu, jina langu, la Jemima, la krechi. Mahali pamoja tu nimepaacha wazi, nami unajua ninavyochukia mahali pawazi. Ni mahali pa jina lako. Mama Fortunée alisema naweza kuliandika, nikakataa. Jina lako liandike wewe, Yaya, kwa mkono wako mzima.

Msalimie shemeji, mwambie dawa ya mgongo nimempa Papy. Wasalimie watoto wote watano, kila mmoja kwa jina lake, wasigombane. Mama Annette anauliza goti linaendeleaje, na Tonton Bilali anamsalimu kila mtu wa ukoo wetu, akisema ni wa kwake pia. Jemima anapiga magoti mbele yako. Benie amechora mstari wa kalamu hapo chini. Nilijaribu kumzuia nikashindwa, chukua kama salamu yake.

Wasingya, asante kwa yote, na nisamehe.

Mimi mdogo wako,
Elisée Mbusa